Boksi la artesuneti ya sindano ya mg 60: nyota nne kwa dawa, mbili kwa maandishi yake

Nianze na hesabu, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya niipende dawa hii kuliko dawa nyingine zote za unga zilizomo kabatini mwetu. Ni sindano ya malaria kali, na kichupa chake kina artesuneti mg 60. Unga wake unauyeyusha kwa ml 1 ya sodiamu baikaboneti ya asilimia 5, kisha unaongeza ml 5 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, jumla ml 6. Gawa 60 kwa 6: kila ml ina mg 10. Basi. Kuanzia hapo kazi iliyobaki ni kuzidisha kilo na kusogeza nukta, na hiyo hata muuguzi aliyekesha anaiweza saa tisa ya usiku bila kuhangaika kutafuta simu yenye chaji apige hesabu.

Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya mkoani Tanga, upande wa mashambani, ambako masika yakikolea wodi ya watoto hujaa mpaka tunalaza wawili wawili. Haya ni mapitio ya boksi zima, si ya dawa peke yake. Kuhusu dawa yenyewe wakubwa walishamaliza ubishi. Utafiti wa AQUAMAT uliotoka mwaka 2010 ulichukua watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika. Muheza, jirani zetu kabisa, ilikuwa miongoni mwa vituo vyake, na Kilifi kwa ndugu zetu wa Kenya pia. Waliotibiwa kwa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliotibiwa kwa artesuneti asilimia 8.5. Mwaka uliofuata WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, ikaitanguliza artesuneti mbele ya kwinini kwa watoto wetu. Kwa hiyo sitakaa hapa kujadili inaponya au haiponyi. Ninachopitia ni kile anachokutana nacho mtu aliyevaa glavu: kichupa, ampuli mbili za kioo zenye maji ya kuyeyushia, karatasi iliyokunjwa mara nyingi, na mtoto analia pembeni.

Kampuni sitaitaja. Ya kwanza kupewa idhini ya ubora na WHO ilikuwa Artesun ya Guilin, China, mwaka 2010, na baadaye zikaja na za India. Tunapokea kinacholetwa, na boksi la leo si lazima lifanane na la mwezi uliopita kwa rangi wala kwa lugha ya karatasi. Yaliyomo ni yaleyale.

Sasa tufungue. Unga ni kidogo mno, umejikusanya chini ya kichupa, na anayekiona mara ya kwanza hudhani ameuziwa chupa tupu. Unavuta baikaboneti yote kutoka kwenye ampuli ndogo, unaisukuma ndani, unatikisa taratibu. Linalotokea ni kama magadi yaliyokamuliwa ndimu: mapovu, kisha ukungu. Tindikali ya artesuneti ikikutana na baikaboneti hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, nayo gesi haina pa kwenda, inajaza kichupa na kuirudisha nyuma pampu ya bomba lako. Asiyejua hushikana mieleka nayo. Anayejua huchoma sindano juu ya usawa wa maji, anaiacha hewa itoke, ndipo anatia maji ya chumvi. Ule ukungu huondoka ndani ya dakika moja hivi, na dawa inakuwa angavu, unaona kidole chako upande wa pili. Ikigoma kuwa angavu, mwaga, fungua kichupa kingine. Usijiambie kwamba itajisafisha ndani ya bomba.

Hapo nyota zote tano. Sababu ni moja: mtengenezaji amekupa maji yake mwenyewe. Dawa nyingi za unga huja kama mgeni aliyefika bila mkeka, wewe ndiye utafute maji ya sindano, wewe ndiye uamue kiasi, na kila zamu ina kiasi chake. Humu kiyeyusho kimeshapimwa kwa ampuli. Ukichanganya kwa ajili ya mshipa huhitaji hata kusoma mistari ya bomba, unatia yote. Na maji ya sindano ya kawaida, yale tunayoyeyushia dawa nyingine, hayafai kwa artesuneti. Kwa kuwa ampuli sahihi imo ndani ya boksi, kishawishi cha kuyachukua yale ya kabatini kinapungua.

Sasa maandishi, ambayo ndiyo yaliyonifanya nikae niandike.

Kichupa kimeandikwa mg 60. Ampuli ndogo imeandikwa ml 1. Ampuli kubwa imeandikwa ml 5. Hakuna palipoandikwa ml 6. Katika boksi nililonalo mbele yangu, namba muhimu kuliko zote, ile ya kugawia, imefichwa ndani ya karatasi yenye herufi ndogo za Kiingereza, upande wa pili, katikati ya jedwali. Ukiitafuta kwa tochi utaipata.

Matokeo yake ni haya. Mwanafunzi wa uuguzi aliyekuja kwetu kwa mazoezi, kijana makini tu, alipewa mtoto wa kilo 14 aliyeletwa na bibi yake kwa bodaboda, ameshapata degedege mara mbili njiani. Kipimo cha haraka kimeonyesha malaria, tabibu kaandika artesuneti ya mshipani. Kijana akachanganya vizuri kabisa, akasimama pembeni na kalamu.

"Sista, nimepata ml 3.5."

"Umezipataje, mwanangu?"

"Dozi mg 42. Maji ni ml 5. Sitini gawa kwa tano, kumi na mbili. Arobaini na mbili gawa kwa kumi na mbili..."

"Na ile baikaboneti imekwenda wapi?"

Akakitazama kichupa, akaitazama ampuli ndogo iliyovunjwa shingo, akaguna. Tukarudia. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa mg 3 kwa kila kilo: 14 mara 3 ni 42. Sogeza nukta, ml 4.2. Jedwali la dozi hupandisha hadi ml nzima inayofuata, kwa hiyo ni ml 5. Zile ml 3.5 zake zingekuwa na mg 35 tu, yaani sehemu moja ya sita ya dozi imeyeyukia kwenye karatasi kabla ya kumfikia mtoto. Simlaumu kijana. Alisoma kilichoandikwa. Alichokosa ni kile ambacho hakikuandikwa mahali pa kuonekana.

Kupandisha kule kunawasumbua wengine. Nimeulizwa na daktari aliyetoka chuo karibuni, kwa nini 4.2 iwe 5 wakati tunafundishwa kukadiria kwa nambari iliyo karibu? Jibu ni kwamba katika malaria kali kinachoua haraka ni dozi pungufu, na dawa hii ina nafasi pana kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru. Msiupeleke utaratibu huo kwenye dawa nyingine. Hapa unafaa, kwingine unaweza kuua.

Kuna kichekesho kingine cha hesabu yake ambacho kila anayeanza hukifikia na kudhani kakosea. Mtoto wa kilo 19 anahitaji mg 57, yaani ml 5.7. Mtoto wa kilo 20, mkubwa zaidi, kwa hesabu ya mg 2.4 kwa kilo anatoka na mg 48, ml 4.8. Mkubwa anapata kidogo! Si makosa. WHO iliongeza dozi ya wadogo mwaka 2015 kwa sababu kwa dozi ya zamani miili yao ilikuwa inabaki na dawa kidogo kwenye damu kuliko ya watu wazima. Mpaka umewekwa kilo 20, na penye mpaka ndipo panaporuka. Ukitumia jedwali lililopangwa kwa makundi ya uzito mruko huo hauuoni sana. Kwa wakubwa, ile 2.4 inatisha lakini haina neno: zidisha kilo kwa 2, halafu ongeza sehemu ya 0.4. Mama wa kilo 58: 116 jumlisha 23.2, mg 139.2, ml 13.92, unavuta 14. Vichupa vitatu, kila kimoja na baikaboneti yake na maji yake, na unasukuma taratibu, ml 3 hadi 4 kwa dakika. Usimimine unga wa vichupa vitatu kwenye kimoja ukidhani unaokoa muda.

Sasa nieleze jambo linalonitia hofu kuliko lote, na ndilo linaloiondoa nyota ya tano kwenye dawa. Boksi hilihili moja hutengeneza dawa ya ukali wa aina mbili. Ukichoma mshipani, maji ya chumvi ni ml 5, jumla 6, mg 10 kwa ml. Ukichoma kwenye msuli wa paja, maji ya chumvi ni ml 2 tu, jumla 3, mg 20 kwa ml. Mtoto wetu wa kilo 8 ambaye mishipa imekataa kabisa anahitaji mg 24. Msulini ni ml 1.2, jedwali linampa 2. Mshipani angepewa 2.4, jedwali 3. Sasa fikiria muuguzi mmoja amechanganya kwa ajili ya paja, akaitwa kwa mzazi anayejifungua, mwenzake akaingia, akakuta bomba juu ya trei, akapata bahati ya kuupata mshipa wa mtoto na kuweka kanula, kile kibomba cha mshipani. Atavuta kwa hesabu ya mshipani dawa iliyochanganywa kwa hesabu ya msuli, na mtoto atapata mara mbili. Rangi haitamwambia chochote. Zote mbili ni angavu.

Dawa ya jambo hilo ni plasta na kalamu. Kwetu hakuna bomba linaloachwa juu ya trei bila kipande cha plasta kilichoandikwa dawa, mg ngapi kwa ml, na saa iliyochanganywa, kwa kuwa ikishapita saa moja haifai tena. Mtengenezaji angeweza kutia stika mbili ndani ya boksi, nyekundu ya msuli na ya buluu ya mshipani. Gharama yake ni nini? Karatasi.

Na zile ml 3 za maji ya chumvi zinazobaki kwenye ampuli unapochanganya kwa ajili ya msuli, jamani, zitupwe. Nimeona zikiwekwa pembeni "tutasafishia kanula baadaye". Ampuli ikishavunjwa haina kesho.

Ili muone boksi hili limerahisisha nini, nilinganishe na wenzake wa kabatini. Chukua penisilini ya fuwele ya mg 600, ile ya yuniti milioni moja, tunayowapa watoto wachanga wenye maambukizi. Hiyo haiji na maji. Mwongozo wa WHO wa tiba ya watoto unasema kwa msuli tia ml 1.6 za maji ya sindano upate ml 2. Soma tena: unatia 1.6, unapata 2. Unga wenyewe unachukua nafasi ya ml 0.4. Anayetia ml 2 kwa kuwa anataka ml 2, anaishia na ml 2.4, na kila tone limepungua nguvu. Mtoto mchanga wa kilo 3 kwa dozi ya yuniti 50,000 kwa kilo anahitaji yuniti 150,000, ambazo ni ml 0.3 ya mchanganyiko sahihi. Vuta ml 0.3 kutoka kwenye ule wa ml 2.4, unapata yuniti 125,000. Sehemu moja ya sita imepotea, ileile aliyoipoteza kijana wangu, kwa kosa la aina nyingine. Yule alisahau maji yaliyomo, huyu kasahau unga ulioingia majini. Ukichanganya kwa ajili ya mshipa unatia ml 9.6 upate 10, na hapo hata ukikosea ukatia 10 hasara ni ndogo, maana 0.4 ndani ya 10 haisikiki. Maji yakiwa machache ndipo unga unapojidai.

Seftriaksoni ya gramu 1, dawa nyingine ya kuua bakteria, nayo ina tabia hiyo: ml 9.6 kwa mshipani, unapata mg 100 kwa ml. Wengi wetu tunavunja ampuli ya ml 10 tunatia yote, tunagawa 1,000 kwa 10, na tofauti ni ndogo. Mimi sikemei hilo sana. Ninachokemea ni kuichanganya na maji ya Ringa kwa kuwa ndiyo dripu iliyokuwa imetundikwa. Ringa ina kalsiamu, na seftriaksoni ikikutana na kalsiamu hutengeneza vijiwe. Kwa mtoto mchanga hilo ni suala la uhai.

Artesuneti haina mambo ya 0.4. Unga wake ni mg 60 tu, mwepesi, na hesabu ya mtengenezaji inachukua 1 na 5 kuwa 6 bila kukusumbua. Naipenda kwa hilo.

Wenye umri wangu kazini wanaikumbuka kwinini, na bado ipo kwa akiba. Mtoto yuleyule wa kilo 14: dozi ya kuanzia mg 20 kwa kilo, mg 280. Ampuli ina mg 300 kwa ml, kwa hiyo unavuta ml 0.93, na uniambie nani anaiona ile 0.93 kwenye bomba la ml 2 kwa taa ya chemli. Uitie kwenye glukosi ml 140, iingie kwa saa 4, yaani ml 35 kwa saa. Kwa mpira wa dripu wa matone 20 kwa ml, ni matone 12 kwa dakika, uyahesabu kwa saa ya mkononi, mtoto akigeuka yanakuwa 20, ukirekebisha yanakuwa 7. Baada ya saa 8 unaanza tena na mg 10 kwa kilo. Na katikati umpime sukari, kwa kuwa kwinini huiangusha. Mama mmoja alikuwa akinihesabia matone huku mimi namhudumia mtoto wa kitanda cha pili. Alihesabu vizuri kuliko wahudumu wengi. Artesuneti unasukuma dakika mbili, umemaliza, unarudi baada ya saa 12, halafu saa 24, kisha mara moja kwa siku mpaka mtoto aweze kumeza.

Kasoro ya upotevu nayo niitaje. Mtoto wa kilo 8 anatumia ml 3 kati ya 6. Nusu inamwagwa, kwa kuwa haina kihifadhi na saa moja ikipita imekwisha, labda upate bahati mbaya ya kuwa na watoto wawili wadogo kwa wakati mmoja. Ipo ya mg 30 duniani, yenye ml 0.5 ya baikaboneti na ml 2.5 za maji ya chumvi, ukali uleule wa mg 10 kwa ml. Kwetu inayokuja ni ya 60. Kwa wodi ambayo wagonjwa wake wengi hawajafika kilo 10, mtu anayeagiza angefikiria. Kwa upande mwingine, kuweka kabatini saizi mbili zinazofanana sura ni kualika kosa jipya. Nikilazimishwa kuchagua nabaki na ya 60 na kumwaga.

Kitu kimoja hakimo ndani ya boksi lolote, nacho ni mizani. Hesabu yangu nzuri yote hapo juu imesimama juu ya neno "kilo 14". Mtoto anayetetemeka kwa homa, kavikwa sweta na kufungwa khanga mbili, ananing'inizwa kwenye mizani ya saa ambayo haijarudishwa sifuri tangu kliniki ya asubuhi, na sisi tunasema 14. Mpime bibi akiwa amembeba, mpime bibi peke yake, toa. Dakika moja.

Kwa wazazi wanaosoma haya, maana najua mtakuwepo: hii si "sindano ya malaria" ya kuomba dirishani. Ni ya malaria kali, ya mtoto asiyeweza kunywa wala kukaa, anayetapika kila kitu, mwenye degedege, aliyezimia, anayepumua kwa shida. Malaria ya kawaida inatibiwa kwa vidonge vya mseto, na vidonge si tiba ya maskini kama mnavyoambizana. Ukichomwa kwenye duka la dawa na mtu ambaye hakukupima uzito, hajui anagawa nini kwa nini. Una haki ya kuuliza, "Mtoto wangu ana kilo ngapi, na umemvutia ml ngapi?" Muuguzi mzuri hatakasirika. Atakujibu huku anakuonyesha bomba. Na sindano zikiisha kazi haijaisha: mtoto anamalizia dozi kamili ya mseto ya siku 3, hata kama amekwisha kuanza kukimbia uani. Katika wiki nne zinazofuata mwangalie macho na viganja. Akipauka au mkojo ukiwa mweusi mrudishe, kwa kuwa baadhi ya waliotibiwa kwa artesuneti huishiwa damu kwa kuchelewa.

Mwaka 2023 WHO ilipitisha toleo jipya la kampuni ileile ya Guilin, Argesun, ambalo linatumia kiyeyusho kimoja badala ya viwili. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa kuliko rangi zote za maboksi, kwa sababu kosa la kijana wangu lisingekuwapo: maji yangekuwa ya aina moja. Halijafika rafu zetu. Likifika nitaandika tena. Kwa sasa boksi tulilonalo nalipa nyota nne kwa kilichomo ndani na mbili kwa kilichoandikwa nje, na kama aliyepanga maandishi yale anasoma Kiswahili, ombi langu ni fupi: pale penye "mg 60", ongezeni "katika ml 6 mshipani, ml 3 msulini", kwa herufi ambazo mtu mwenye miwani iliyochakaa anaziona kutoka upande wa pili wa trei.